Wageni Wanasimama, Wanapigiwa Makofi, Kisha Hawarudi

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja ulioko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa Nzuguni, na tangu mwaka jana nimepewa kusimamia kamati ya mapokezi. Kila Jumapili tunapata wageni kati ya wanane na kumi na watano. Tunawasimamisha, wanajitambulisha, kwaya inawaimbia, tunawapigia makofi na kuwaandika katika daftari. Hata hivyo, nikitazama kanisani baada ya miezi miwili, kati ya kumi naona labda wawili. Mmoja wao, dada niliyekutana naye soko la Majengo, aliniambia, “Mama, kwenu nilipokelewa vizuri, ila sikupata mtu.” Neno hilo limeninyima usingizi. Tunakosea wapi, na tuanzie wapi kurekebisha?

JIBU: Amina, Mama. Dada yule wa sokoni amekujibu kwa ufupi kuliko nitakavyoweza mimi, nami nitafafanua tu neno lake. Makofi hutolewa na kanisa zima, na jambo linalofanywa na watu wote kwa pamoja halimfungi yeyote. Mgeni wenu anatoka nje akiwa ameimbiwa na watu mia tatu, lakini katika hao mia tatu hakuna anayejua amepanga wapi, anafanya kazi gani, wala kama ana ndugu yeyote katika mji huu. Akiugua Jumatano, hana wa kumpigia simu. Zikipita Jumapili tatu au nne za namna hiyo, anaona kuja kwenu na kusikiliza ibada redioni ni mamoja, na kwa upande wake ni kweli kwamba ni mamoja.

Nimefanya kazi ya uchungaji na ya kuwafundisha wainjilisti na wazee wa kanisa katika mikoa hii ya kati kwa miaka mingi, na nimeona sharika zikitafuta dawa ya tatizo hili mahali ambapo ugonjwa haupo. Zinanunua spika mpya, zinashona sare za wahudumu wa mlangoni, zinatundika bango la kukaribisha wageni. Sina neno na sare. Lakini anayefika anahitaji kwanza mtu mmoja anayemjua kwa jina, kisha jumuiya inayomtarajia, kisha kazi ya kushika; na mambo hayo matatu hayafanyiki ndani ya zile dakika tano za matangazo.

Tuutazame kwanza mji wenyewe, maana Dodoma haipokei wageni kama miji mingine. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, ila kwa miongo mingi watu walikuja kidogo kidogo. Baada ya Rais John Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, mwendo ulibadilika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Wewe unayeishi Nzuguni huhitaji takwimu, kwa kuwa umeona kwa macho yako nyumba zikiota mahali palipolimwa uwele na mizabibu. Maana yake kwa kanisa ni kwamba neno “wageni” linabeba watu wasiofanana hata kidogo, na kamati inayowapokea wote kwa wimbo mmoja itawapoteza karibu wote.

Yuko mtumishi wa umma aliyehamishwa pamoja na ofisi yake. Huyu hakuomba kuja, na mara nyingi mke au mume na watoto wamebaki Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024, anaweza kuondoka Ijumaa baada ya kazi na kurudi kabla ya Jumatatu, kwa hiyo mnamwona kanisani Jumapili moja kati ya nne, na wazee wanahitimisha kwamba imani yake ni vuguvugu. Yuko mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma na kile cha Mtakatifu Yohana vyote vilianza mwaka 2007, na kila mwaka vinaleta vijana ambao watakaa nanyi miaka mitatu au minne kisha waondoke. Yuko fundi wa ujenzi, dereva wa bodaboda, binti wa kazi za nyumbani anayeruhusiwa kuja ibada ya kwanza tu kwa sababu saa tatu anatakiwa awe amerudi jikoni. Na yuko mtu mnayemsahau kabisa, yaani Mgogo aliyetoka Bahi, Chamwino au Mpwapwa baada ya mvua kukatika mapema. Kwa kuwa anasema Kigogo na anaitikia “mbukwenyi” kama wenyeji wengine, hakuna anayemhesabu kuwa mgeni, naye hasimami wageni wanapoitwa kwa sababu haoni kama wimbo ule unamhusu.

Nikueleze jambo nililoliona. Wakati fulani wazee wa usharika mmoja hapa mjini, ambao sitautaja, waliniita tuketi nao kwa swali kama lako. Niliomba waniletee daftari la wageni. Lilikuwa daftari kubwa la kaunta, limepigwa mistari kwa rula na wino mwekundu: jina, anakotoka, simu, maoni. Tulilisoma ukurasa kwa ukurasa, miezi kumi na minne ya majina, mengine yameandikwa kwa haraka na watu waliokuwa wameshika mtoto kwa mkono mwingine. Safu ya maoni ilikuwa tupu, au imeandikwa “nimebarikiwa”, isipokuwa mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi ndogo: “Natafuta chumba cha kupanga karibu na kanisa.” Mzee mmoja aliinamia daftari akausoma mara mbili. Alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha hatua chache kutoka kanisani, na kwa tarehe ile iliyoandikwa, viwili vilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa amelifungua lile daftari baada ya ibada ile. Tuliipiga ile namba pale pale, na haikupatikana.

Kwa hiyo daftari lenu, Mama, ndilo la kwanza kubadilisha. “Anakotoka” ni swali la heshima, lakini halisaidii kumpata mtu. Ukishajua kwamba ametoka Bukoba au Mbeya bado hujui umfuate wapi. Andikeni mtaa anaoishi na alama ya karibu, kwa mfano nyuma ya mashine ya kusaga, au nyumba ya geti la bluu mkabala na shule. Ongezeni safu mbili ambazo hazijazwi na mgeni: moja ya jina la muumini anayekaa karibu naye, nyingine ya tarehe ambayo muumini huyo amemfikia. Daftari lisilale kabatini. Wazee wa jumuiya walipitie Jumapili hiyo hiyo kabla ya kutawanyika, na kila jina liondoke na mwenye kulibeba. Ikifika Jumanne jioni mgeni awe amepata simu kutoka kwa jirani, ambaye anajitambulisha, anauliza hali, na kumweleza kwamba anakaa nyumba tatu kutoka kwake. Simu hiyo isitoke ofisini kwa mchungaji, kwa sababu simu ya mchungaji humtia mtu hofu au wajibu, na wala isiwe ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu wote, kwa kuwa watu wanautambua.

Umeuliza pia, ingawa kwa mzunguko, kama ni vema kuendelea kuwasimamisha. Maoni yangu ni kwamba kusimama kuwe kwa hiari. Wapo wanaopenda, hasa wanaoleta salamu za kanisa walikotoka, na si vema kuwanyima. Lakini wapo pia mama aliyeachana na mumewe, binti aliyejifungua bila ndoa, kijana aliyeacha kanisa miaka sita na leo amejikaza kurudi. Hao wanaketi benchi la nyuma kwa kusudi. Ukiwasimamisha na kuwapa maikrofoni waseme wametoka wapi, wamekuja na nani na wanasali wapi, umewapa sababu ya kutorudi. Mtangazaji aseme tu kwamba yeyote aliyefika karibuni anakaribishwa chai baada ya ibada, mahali panapoonekana, chini ya mti au barazani, ambapo wazee wa jumuiya wamesimama tayari. Chai na andazi vina kazi yake, kwani mtu mwenye kikombe mkononi hawezi kukimbilia daladala, na katika dakika kumi za kunywa atakuwa ameulizwa anaishi wapi bila kuhisi anahojiwa.

Baada ya simu, ziara. Waende wawili, mume na mke wake au akina mama wawili. Mwanamume asiende peke yake kwa mwanamke anayeishi peke yake, hata awe mzee wa kanisa wa miaka thelathini. Wakae nusu saa. Wasiulize kabila, mshahara, wala mume yuko wapi, na wasitaje bahasha. Waulize kama amepata maji, kama ameshajua zahanati ilipo, kama mtoto amepata shule, kama daladala la kwenda kazini linamchosha. Anayehamia Dodoma kutoka Pwani au Kagera hushangazwa na vumbi, upepo wa Juni na Julai na baridi ya usiku, na hata kumwambia ni wapi anunue blanketi zuri kwa bei nafuu ni huduma. Kama ana shida ambayo jumuiya inaweza kuitatua, itatuliwe wiki hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jumuiya, ambako ndiko jambo hili hushinda au kushindwa. Ndugu zetu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walilitambua mapema. Maaskofu wao waliamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha kazi ya kichungaji, na hadi leo mtu anayehamia parokia mpya huulizwa jumuiya yake kabla ya jambo lingine. Sisi nasi tunazo, ila mara nyingi tunaziendesha kana kwamba kila mtu ni mkulima au mfanyabiashara wa jirani mwenye nafasi asubuhi. Jumuiya inayokutana Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri haitampata mtumishi aliyeondoka Ijumaa kwa treni, na inayokutana Jumatano saa kumi jioni haitampata anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kufika nyumbani giza limeingia. Waulizeni wageni wenyewe. Katika mitaa mingi mipya nimeona saa moja na nusu usiku, siku ya katikati ya wiki, ikifaa kuliko saa nyingine, mradi mkutano usizidi saa moja na wanawake wasindikizwe kurudi.

Kuna kizuizi kingine ambacho wageni hawakisemi mbele ya wazee. Jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, na mgeni anajua kwamba zamu yake itafika. Anaishi chumba kimoja, ana kitanda, jiko la gesi na viti viwili vya plastiki. Ameona nyumba ya wiki iliyopita wakipewa soda, sambusa na matunda, na ya wiki hii pilau. Anapiga hesabu, kisha anaanza kuchelewa kazini kila siku ya jumuiya. Wazee mpitishe neno moja, tena mlisimamie kwa ukali: hakuna chakula katika ibada ya jumuiya, maji ya kunywa yanatosha, na mgeni haingizwi katika zamu mpaka mwenyewe aombe. Mtaona wengi wanaomba mapema kuliko mlivyotazamia. Na watakapowaita katika chumba kile, nendeni wote, kaeni kitandani na kwenye ndoo zilizofunikwa, na msitoe udhuru kwa niaba yake.

Lakini mahali ambapo mgeni huamua moyoni kama kanisa hili ni lake au si lake ni kwenye msiba na ugonjwa. Kwetu ndivyo tulivyo. Mtu anaweza kusahau mahubiri ya mwaka mzima, asisahau ni nani alifika siku alipofiwa. Namkumbuka kijana fundi umeme aliyekuwa amehudhuria mara nne tu. Jumamosi usiku alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki Songea. Alikuwa peke yake, na mtu pekee wa kanisani mwenye namba yake alikuwa mama muuza genge aliyempigia wiki mbili kabla kumkaribisha jumuiya. Mama yule alifunga genge. Kabla ya saa nne usiku walikuwapo watu kumi na mmoja mlangoni pa chumba chake, wengine wamekaa juu ya matofali. Akina mama wamekuja na sufuria ya chai, mtu mmoja anaandika michango ya nauli kwenye ganda la kiberiti kwa sababu hapakuwa na karatasi. Hawakuimba sana, kwani wapangaji wengine walikuwa wamelala. Alfajiri wawili walimsindikiza hadi stendi ya Nanenane na kusimama naye mpaka basi lilipoondoka. Miaka imepita, ameoa, amejenga mahali ambapo usharika mwingine uko karibu naye zaidi, na bado anasali katika jumuiya ile ile.

Hilo lilitokea kwa sababu namba ya simu ilikuwa mkononi mwa mtu sahihi. Likabidhini jambo hili kwa utaratibu, lisitegemee bahati. Kila mgeni aliyetembelewa apewe namba mbili, ya mzee wa jumuiya na ya jirani, na aambiwe kwa maneno wazi kwamba akipata ugonjwa au msiba, hata kama ndiyo kwanza amefika, apige. Wengi hawapigi kwa sababu wanadhani msaada wa kanisa ni wa waliojiandikisha na kumaliza ahadi. Kama usharika wenu una kanuni inayosema asiyelipa michango fulani hatahudumiwa msibani, naomba mwiangalie upya mbele za Mungu, kwa kuwa kanuni hiyo inawafukuza watu wengi kuliko udhaifu wowote wa kamati yako.

Hapo nimegusa fedha, na sitapita haraka. Karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita hapa Ugogo, nchi kavu yenye maji machache, na watemi waliitoza hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo ipite na kuchota maji. Watemi wale walikuwa na haki yao, kwani maji yalikuwa uhai wa watu na ng’ombe wao. Kanisa halina haki hiyo. Lakini hebu fikiria Jumapili ya pili ya mgeni: sadaka ya kwanza, sadaka ya pili, mchango wa ujenzi, harambee ya kwaya inayokwenda Singida, mnada, kisha mhudumu anamfuata na bahasha yenye namba akimweleza ahadi ya mwaka. Hajapewa maji bado. Nashauri bahasha isitajwe kwake kwa miezi mitatu ya kwanza isipokuwa ameuliza mwenyewe, na mzee atakayemweleza awe yule aliyemtembelea. Na mgeni aliyekuja na gari zuri asiwekwe kamati ya ujenzi mwezi wa pili. Anajua vizuri kilichotazamwa, na anayeketi jirani naye, aliyekuja kwa miguu, anajua pia. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, ulishasema juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye mavazi mabovu wanaoingia katika kusanyiko moja, na nawasihi wazee wausome pamoja kabla ya kugawa kamati.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi huutumia usemi huu kumwambia mgeni kwa adabu kwamba amekaa vya kutosha. Mimi nausikia kwa namna nyingine. Kwa mkulima, anayepewa jembe ameingizwa shambani, na atakula mavuno kwa haki, bila kuona haya. Mgeni wa kanisani asiye na kazi yoyote hubaki mtazamaji hata akihudhuria miaka miwili. Kwa hiyo ukifika mwezi wa tatu au wa nne apewe jembe dogo analoliweza: kupanga viti, kusoma somo, kuchemsha chai ya wageni, kuimba kama sauti ipo. Kazi inayomfaa kuliko zote ni kuwapokea wengine, maana aliyefika mwaka jana bado anakumbuka jinsi mlango ulivyoonekana mzito. Katika kamati yako, Mama, hesabu ni wangapi wana chini ya miaka miwili hapo kanisani. Kama hakuna hata mmoja, anza hapo.

Lipo jembe moja ambalo halitolewi mapema, nalo ni watoto. Mtu mpya asifundishe shule ya Jumapili, asiwapeleke watoto safari, wala asikae nao faragha, mpaka afahamike kwa muda wa kutosha na kanisa alikotoka liwe limeulizwa. Anayeudhika kwa utaratibu huo aelezwe kwa upole kwamba ni wa wote. Vilevile, kwa wanaokuja na shida ya nauli au dawa, msaada upitie kwa wazee wawili walioteuliwa, wasikilize na kufuatilia. Fedha isitolewe mkononi mlangoni. Kwa njia hiyo mwenye shida ya kweli husaidiwa vizuri zaidi, na waumini hawajengi tabia ya kumtazama kila mgeni maskini kwa shaka.

Kuhusu barua ya utambulisho nitasema machache. Inahitajika kwa Meza ya Bwana, ubatizo wa mtoto, kipaimara na ndoa, na ni utaratibu mwema. Lakini iulizwe katika ziara ya pili au ya tatu, na ikiwa hana, mchungaji ampigie mchungaji mwenzake wa huko kuliko kumrudisha mtu Kigoma kufuata karatasi. Mtoto aliyekatizwa mafundisho ya kipaimara kwa uhamisho wa wazazi aendelee pale alipoishia. Kumwanzisha upya ni kumwadhibu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nimebakiza jambo ambalo huenda hukulitarajia, nalo ni la wenyeji. Umeniandikia kuhusu wanaoingia na kutoweka. Je, mmewahesabu wazee wa Kigogo waliokuwapo tangu kanisa likiwa la tofali za udongo, ambao sasa hawaonekani? Sharika nyingi za pembezoni zilijengwa na watu hao. Injili ina mizizi mirefu katika nchi yao: wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika imekuwapo tangu mwaka 1927. Leo ibada imejaa watu wa ofisini, kwaya ya Kigogo yenye ngoma ya muheme na zeze imebakizwa kwa sikukuu ya mavuno, na matangazo yanasomwa kwa kasi ambayo bibi wa miaka themanini haiwezi. Nilisimama siku moja kwenye mnada baada ya ibada. Keki ilipandishwa bei mara saba, watu wakicheka na kushindana. Kisha likaja bakuli la uwele lililofunikwa kwa kitambaa, na mnadishaji akaita, akaita tena, pakawa kimya, mpaka mzee mmoja akalinunua kwa huruma. Bibi aliyeleta bakuli lile alikuwa amesimama hapo hapo, akitazama chini.

Mnaweza kurekebisha hilo Jumapili moja. Mnadishaji amwite bibi aseme uwele ule umelimwa wapi na uji wake unapikwaje, na mgeni kutoka Moshi aalikwe kununua na kwenda kuuonja. Kwaya ya Kigogo iimbe mara mbili kwa mwezi, na wageni wafundishwe kuitikia. Na ile dhihaka ya zamani kwamba Wagogo ni ombaomba, ambayo wageni wengine huja nayo kama utani, mchungaji aikemee waziwazi madhabahuni. Utani wa makabila ni mali yetu na una faida zake kati ya wanaozoeana, lakini dhihaka hiyo imejengwa juu ya njaa. Wazee wa hapa walisimuliwa na bibi zao habari za Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, ambapo majeshi yalichukua nafaka, ng’ombe na wanaume wa kubeba mizigo, mvua zikakosekana, na watu wakafa kwa wingi. Mtu hawezi kumkaribisha kwa moyo mweupe anayemcheka kwa jambo hilo. Ukisikia wageni wakisema wenyeji ni wakali, chunguza kwanza walivyoongea nao.

Kuhusu kipimo, acheni kuhesabu waliosimama. Kila baada ya miezi sita mwulize kila mzee wa jumuiya ataje waliofika katika kipindi hicho ambao wamekwisha kuingia katika nyumba ya muumini na ambao muumini ameingia kwao. Wapo watakaoondoka hata mkifanya yote haya, wengine kwa uhamisho, wengine kwa sababu wamepata kanisa linalowafaa zaidi. Waombeeni na kuwaandikia barua njema. Mwanafunzi aliyekula chakula cha Jumapili katika nyumba ya muumini kwa miaka mitatu kisha akaenda kufanya kazi Mtwara hamjampoteza.

Kwa wiki hii, waite wazee wa jumuiya Jumamosi na ufungue lile daftari mlilonalo. Someni majina ya miezi mitatu iliyopita, moja moja kwa sauti, na kila mzee achukue ya mtaa wake. Wakipiga simu waseme ukweli, kwamba tulikuandika tusikutafute, na tunaomba radhi. Dada wa Majengo asipigiwe simu. Mwendee wewe mwenyewe, Mama, na ukae naye mpaka chai iishe.